Diwali ya Vyetezo

Amefariki jirani yangu wa zamani wa Kilburn, na wiki hii wasomaji wangu mniwie radhi, sina hamu ya kuzungumzia kodi za nyumba wala mvua. Alikuwa mchoraji, mwanamke wa Kihindi mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyehamia London miaka michache baada ya Mapinduzi na ambaye mpaka mwezi uliopita alikuwa bado ananisahihisha Kiswahili changu cha Kipemba. Mpwa wake alinipigia simu nikiwa sokoni Walthamstow, nachagua mabamia. "Uncle, Foi's gone," akasema. Foi ndivyo Wagujarati wanavyomwita shangazi. Huyu mpwa, ambaye siku hizi ni baba wa watoto wawili na ana duka la vitambaa Southall, anakisikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama walivyo watoto wetu wengi waliozaliwa hapa. Niliyarudisha mabamia ya watu kwenye sanduku nikaondoka bila kununua kitu. Nililia ndani ya treni, mbele za watu, na sikujali nani ananitazama.

Siku ya kuagwa kwake ukumbi ulijaa. Wakasimama wasemaji, mmoja baada ya mwingine, wakatuambia kwamba marehemu alikuwa mpole, msikivu, mtu asiyegombana na yeyote. Nilijizuia kwa shida nisisimame kupinga. Mpole? Mwanamke yule alikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Aligombana na mwenye nyumba wetu juu ya bomba la maji, akagombana na wakubwa wa shule ya sekondari alikofundisha uchoraji, akagombana na wenye maduka wanaouza bizari iliyokwisha harufu, na mimi aligombana nami karibu kila Jumapili. Tuna tabia mbaya sisi ya kuwapiga pasi wafu wetu mpaka wasibakiwe na kunjo hata moja. Huyu sikubali anyooshwe. Ugomvi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya picha moja, kama itatundikwa vile alivyoichora au itarekebishwa kwanza. Wenye majumba ya sanaa na wenye kumbi walivutana naye miaka mingi, na sasa amekufa ugomvi umefufuka, kwa hiyo ni lazima niusimulie.

Tulijuana kwa sababu ya sakafu nyembamba. Mimi nilipanga ghorofa ya pili, yeye alikuwa ya kwanza, na kila Jumapili nilipopiga simu nyumbani nilipiga kelele kama kawaida ya watu wa zama zile, tukiamini kwamba Pemba ni mbali na sauti lazima isukumwe. Siku moja mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta mama wa makamo amevaa sari ya pamba, vidole vimejaa rangi. "Wewe Mpemba," akasema, hata salamu hakuna.

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nakusikia huko juu unavyoyatafuna maneno. Una mgongo mzima?"

"Upo, alhamdulillahi."

"Basi shuka unisaidie kubeba Diwali."

Nikashuka nisijue Diwali inabebwaje. Kumbe ilikuwa picha, imeegemezwa ukutani, ndefu kuliko mimi, na alitaka kuitoa chumbani kuipeleka sebuleni penye mwanga. Tulipoiweka nikarudi nyuma kuitazama. Usiku wake haukuwa mweusi wala wa buluu, ulikuwa wa rangi ya manjano ile ya kupikia, na ndani yake umekaa mtaa wa Mji Mkongwe, nyumba zenye baraza, watu wamejaa. Mama mmoja wa Kihindi amechuchumaa kizingitini. Pembeni yake amesimama mwanamke wa buibui, vyombo viwili mikononi. Kuna watoto, kuna paka, na ukingoni kabisa mwa picha kuna kijana ameshika bunduki. Na barazani, toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, zinawaka taa. Nikasogea kuzitazama zile taa. "Bi Mkubwa," nikamwambia, "mbona watu wametia mafuta ndani ya vyetezo?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe tangu amalize picha ile, wote walioiona walizisifu taa zake na hakuna aliyejua kuwa zile ni vyetezo, vile vyombo vyetu vya udongo vya kuchomea udi na ubani. Siku hiyo alinipa chai na chevda, ule mchanganyiko wa vikaango vya Kihindi, akanisimulia.

Ilikuwa mwaka ule wa baada ya Mapinduzi. Diwali, kwa asiyejua, ni sikukuu ya taa ya Wahindu, na huangukia usiku usio na mwezi. Taa zake ni vibakuli vidogo vya udongo, na kwao vilikuwa vikiletwa na meli kutoka India, kwa sababu baada ya sikukuu huvunjika au hutupwa. Mwaka ule hakikuja kitu. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimeshaondoka, nyumba tatu za jirani zimefungwa kwa makufuli, na waliobaki walikubaliana kwamba Diwali ipite kimya, ndani, milango imefungwa. Mama yake hakukubali. Alisema nyumba yake haijawahi kupitiwa na Diwali gizani na haitaanza kwa sababu ya kuogopa. Lakini taa hana. Basi jirani wa mbele, Mwislamu, mke wa fundi cherehani, akasikia. Alasiri akavuka njia na vyetezo vyake viwili, akavitua barazani, kisha akazunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba kukusanya vingine. Wakavilowesha maji visinywe mafuta, wakatia mafuta ya nazi na tambi za pamba, na baada ya magharibi wakaviwasha. Vyetezo vile vilikuwa vimechomewa udi miaka na miaka, kwa hiyo udongo ulipopata moto ukaanza kutoa harufu. "Mtaa mzima ulinukia harusi," akaniambia.

Ndipo akatokea kijana mwenye bunduki. Akauliza moto ule ni wa nini. Mama wa mchoraji akabaki amechuchumaa kizingitini. Aliyejibu ni yule jirani. "Sikukuu," akasema.

"Sikukuu ya nani?"

"Ya mtaa."

Yule kijana akatazama vyetezo, akavijua, bila shaka hata kwao vilikuwamo. Jirani akampa ladu, kitamutamu cha Kihindi cha mviringo, akalila amesimama pale pale, bunduki ameibana kwapani, akaenda zake. Katika picha amechorwa hivyo hivyo, shavu moja limevimba. Lakini mambo hayakuishia kwenye ladu. Siku ya pili yule jirani aliitwa kuhojiwa, akawekwa kutwa, akarudi jioni, akavipokea vyetezo vyake viwili, na mpaka familia ya mchoraji ilipohama hakumwambia mtu aliulizwa nini. Mchoraji aliipa picha ile jina kwa jibu la mwanamke huyo, "Sikukuu ya Mtaa", kwa Kiswahili, na hakutaka itafsiriwe kwa lugha yoyote.

Wakati mwingine nilikuwa namtania kwamba amewaharibia dini yao Wahindu wa Southall. Maana familia yake ilipofika London iliendelea kuchoma udi kila Diwali, kwa kuwa bila harufu ile wazee waliona sikukuu haijafika. Watoto wakakua wakidhani kwamba udi ndiyo mila ya Kigujarati. Mwaka mmoja alikuja mgeni, jamaa yao kutoka Gujarati kwenyewe, mtu wa ibada, akakuta nyumba imejaa moshi wa udi wa Kiarabu. Akauliza hiki ni nini. Mpwa, wakati huo bado mwanafunzi, akamweleza kwa adabu na kwa uhakika kabisa kwamba ndivyo mababu walivyofanya tangu zamani huko India. Mgeni wa watu akabaki ametoa macho. Marehemu alipokuwa akinisimulia kisa hiki alikuwa akilia kwa kicheko. "Na usithubutu kumwambia mpwa wangu," akaniambia. "Mwache. Huo ndio ukweli wake."

Msidhani kwamba alikuwa mtu wa kubahatisha brashi. Alisomea uchoraji chuoni hapa hapa London, na rafu zake zilijaa vitabu vya wachoraji wa India wa karne iliyopita. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama picha hizo. Aliniambia kwamba Mwingereza alipofungua shule za sanaa India aliwafundisha watu kuchora bakuli na kivuli chake, na kwamba waliposhiba vivuli wakageuka, wakaenda kuangalia kuta za nyumba za mashamba, picha ndogo ndogo za majumba ya wafalme, na michoro inayochorwa mlangoni kwa unga. Na walipotafuta jambo la kuchora, wengi walichora sikukuu. Holi na poda zake za rangi, sanamu ya mungu wa kike ikibebwa kupelekwa mtoni, wanawake wakicheza wamezunguka duara, ngoma, umati. Sikukuu iliwapa ruhusa ya kumwaga rangi bila kuomba radhi kwa mwalimu. Na zaidi ya hayo, nchi ilikuwa inataka kujiona, na pahala pa kuiona ni penye watu wengi wamevaa vizuri. Nilimuuliza yeye huanza kutazama wapi. "Pembeni," akasema. "Katikati kila mtu amejipanga. Pembeni ndiko alikosimama asiyealikwa na amekuja."

Sasa sikilizeni ugomvi. Jumba moja la sanaa la mjini lilikuwa linaandaa maonyesho ya sikukuu katika uchoraji wa kisasa wa India, na mtayarishaji wake akaja Kilburn kuiona picha. Alikuwa bwana aliyelelewa Kolkata, msomi kweli, mstaarabu, na sitaki kumfanyia dhihaka kwa sababu aliipenda picha na alijua kwa nini anaipenda. Aliisifia rangi, akasifia jinsi watu walivyotandazwa bila kivuli. Kisha akasema, kwa upole, kwamba taa zile zina kasoro. Mtazamaji wa India hatazitambua, mtazamaji wa Kiingereza atapotoshwa. Je, mama anaweza kuzirekebisha ziwe taa za kweli za Diwali? Na jina, labda liwe la lugha inayosomeka?

"Hizo ndizo za kweli," akamjibu.

"Naelewa, mama. Lakini watu watauliza."

"Waulize."

"Maonyesho ni ya India, mama. Hii inakwenda mbali kidogo."

"Mimi ni mbali kidogo," akasema. "Mama yangu alikuwa mbali kidogo. Unataka kutundika picha yetu bila sisi?" Yule bwana akamjibu kwamba maonyesho yakiwa na kila kitu hayatakuwa na maana, na lazima mpaka uchorwe mahali. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na hata leo sina jibu zuri la kumpa. Marehemu naye hakuwa nalo. Hakumshinda kwa maneno. Alisimama tu, akafungua mlango, akamshukuru kwa kuja. Picha haikwenda.

Kisha ukumbi mmoja wa jamii kule Southall ukaiomba kwa ajili ya Diwali yao. Vyetezo havikuwasumbua, walivifurahia, wazee walivikumbuka. Tatizo lilikuwa bunduki. "Dada, sikukuu na bunduki wapi na wapi?" akauliza mwenyekiti wa kamati. "Watoto wanakuja. Mfute yule kijana tu, yaliyobaki safi." Akakataa. Nikajitia kichwa mbele mimi, nikaipeleka habari yake kwenye hafla ya watu wetu, Wazanzibari wa Walthamstow, nikidhani huku atapokewa kwa mikono miwili. Mzee mmoja akaitazama picha ndogo ya kamera ya mchoro ule niliyokuja nayo mfukoni, akaguna. Chetezo ni chombo cha maulidi, akasema, na bibi huyu wa buibui anakipeleka kwenye ibada za masanamu, haipendezi. Kama angeondolewa yeye tu. Nilimwambia mzee yule maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Niliporudi Kilburn na kumweleza marehemu, akakunja mikono akapiga hesabu yake. Mmoja hataki vyetezo, mmoja hataki bunduki, mmoja hataki buibui. "Nikiwaridhisha wote," akasema, "itabaki picha ya paka."

Basi akafanya alilofanya. Kila Diwali alikuwa akiisukuma picha ile mpaka dirishani, akaigeuza itazame barabara kuu ya Kilburn, akaiwashia taa mbili za mezani. Waliokuwa wakiiona vizuri ni abiria wa ghorofa ya juu ya basi. Miaka na miaka watu waliotoka kazini wamechoka, Waayalandi, Wajamaika, Wasomali, wasiojua Zanzibar wala Diwali, basi liliposimama kwenye taa nyekundu waliinua macho wakaona mtaa wetu. Nilimuuliza siku moja kama hilo linamtosha. Akanikaripia. "Halinitoshi hata kidogo. Nataka ukuta. Nataka ukuta mkubwa, mweupe, wa watu wakubwa. Lakini nataka niingie na wote." Naandika maneno haya makusudi, kwa sababu kuna watakaosema kwamba aliridhika na dirisha. Hakuridhika. Ilimuuma mpaka mwisho, na alikubali kuumia kuliko kumfuta mtu.

Sasa nifike kwenye wiki hii. Hata majivu hayajapoa, jumba lile lile la sanaa likampigia simu mpwa. Wameandaa maonyesho mengine, makubwa zaidi, sikukuu za India katika uchoraji wa kisasa, na safari hii wanaitaka picha kwa hamu. Nyakati zimebadilika. Vyetezo vibaki, bunduki ibaki, buibui libaki, vyote wanavipenda. Wana ombi moja dogo. Pembeni mwa picha kutakuwa na maelezo, na maelezo hayo yatasema kwamba mchoraji amebuni vyombo hivi vya udi kama ishara ya kuchanganyika kwa tamaduni, na jina litatafsiriwa ili kila mtu alielewe. Mpwa akanipigia. "It's only a label, Uncle," akaniambia. Ni kibandiko tu. Shangazi alitaka ukuta maisha yake yote, na ukuta huu hapa. Nilimwelewa. Mtu aliyefiwa anatafuta kitu cha kumpa marehemu, na hiki kilikuwa kikubwa.

Nilipanda treni nikaenda Southall. Nilimkuta dukani, nyuma ya marobota ya vitambaa, picha ameiegemeza kwenye ukuta wa stoo. Nikagundua kwamba kisa chote hakuwahi kuambiwa. Alijua kuna Diwali, kuna jirani, kuna ladu. Hakujua kwamba yule mwanamke aliitwa siku ya pili akakaa kutwa nzima huko. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya udi pia, ingawa marehemu alinikataza, kwamba mababu wa India hawaujui, kwamba unatoka kwenye vyombo vya mke wa fundi cherehani. Kwanza akacheka kwa aibu, akimkumbuka yule mgeni wa Gujarati. Kisha akageuka akaitazama picha muda mrefu. Nikamwambia: wewe unaweza kusema yes, picha ni yako. Lakini jua wanachokiomba. Zamani walitaka kuwafuta watu kwa brashi. Leo wanawaacha wote, halafu wanaandika pembeni kwamba hawakuwapo. Yule mwanamke si ishara. Alikuwa na jina, alikuwa na miguu iliyovuka njia, na vyetezo vile alivilipia kwa siku moja ya maisha yake.

Akaenda kwenye meza ya duka. Alichukua simu akawapigia pale pale mbele ya wateja. Aliongea nao Kiingereza, kwa adabu, akawaambia kwamba ubunifu uliomo ni rangi ya usiku peke yake, mengine yote yalitokea, na maelezo yao yaandike hivyo au picha haitoki dukani. Nadhani upande wa pili waliuliza kuhusu jina, maana alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha nikamsikia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akitamka Kiswahili kwa sauti. "Sikukuu ya Mtaa," akasema. Akarudia. Halafu akawatajia herufi moja moja, polepole, kama mtu anayemtajia karani wa serikali jina la mzazi wake, mpaka wakaandika zote.

Walisema watafikiria. Bado wanafikiria. Huenda wakakubali, huenda tukaambiwa tena kwamba sisi ni mbali kidogo. Na mimi nawaambia ninyi mnaonisoma, mlio Kilburn, mlio Southall na mlio kwingine kokote, kwa sababu kila mmoja wenu ana picha yake nyumbani, au ngoma, au hadithi ya bibi yake, na iko siku atakuja mtu mstaarabu, mwenye ukuta mzuri, aombe jambo moja dogo tu. Mpeni chai. Msikilizeni mpaka amalize. Halafu kabla hamjamjibu, wahesabuni waliokuwapo, na akikosekana hata mmoja, mfungulieni mlango aende zake.